Betri mpya, gari likikaa siku mbili tatu haliwaki: umeme unakwenda wapi?

Mama Pacha

Wakuu habari zenu. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela nyingine.

Nina gari dogo la petroli, gia otomatiki, lenye umri wa miaka kumi na kitu. Nikilitumia kila siku halina neno. Nikiliegesha Ijumaa jioni nisiliguse hadi Jumatatu, nikizungusha funguo nasikia tik-tik-tik tu, taa za dashibodi zinafifia, stata haizunguki. Jirani akinibusti, yaani akiniunganishia nyaya kutoka betri ya gari lake, linawaka pale pale, na wiki nzima naendelea na shughuli zangu.

Betri ya zamani nilishaiondoa. Iliyopo ni mpya, ya ampea-saa 60. Fundi wa kwanza akasema hiyo mpya ni feki. Wa pili akafungua boneti, akasikiliza injini inavyonguruma, akasema altaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka. Akapima, mita ikaonyesha volti 14.2, akanyamaza kidogo, kisha akasema tena altaneta. Nikamuuliza kama ni mbovu mbona inachaji, akaniuliza nimesomea ufundi wapi.

Sijasomea ufundi. Nafundisha fizikia sekondari. Mita ninayo na kuitumia najua. Nisilolijua ni gari. Taa ya ndani inazimika. Taa ya buti nayo inazimika, maana niliweka simu ndani ikirekodi nikafunga mlango wa buti. Sina kifaa chochote nilichoongeza, redio ni ile ile ya kiwandani.

Nianzie wapi kupima?

Kiboko ya Gereji

Dada usihangaike, hiyo betri ni ya kuchakachua. Rudisha. Na kama unataka kuhakikisha altaneta, washa gari, fungua terminali ya hasi injini ikiwa inaunguruma. Ikizima ujue altaneta imekufa. Dakika moja tu jibu unalo.

Fundi Cheche

Mwalimu, tafadhali usifungue terminali yoyote injini ikiwa inawaka.

Kiboko, kipimo hicho waliachiwa watu wa magari yasiyokuwa na kompyuta hata moja. Betri ndiyo inayotuliza volti za altaneta. Ukiitoa ghafla wakati altaneta inasukuma ampea nyingi, volti zinaruka juu kabla rigileta, kidhibiti cha volti, haijawahi kuzishusha, na zinaweza kufika makumi ya volti. Kinachoungua hapo ni kompyuta ya injini, au diodi za altaneta ile ile uliyotaka kuipima. Na jibu lenyewe halina maana: altaneta iliyochoka inaweza kulibeba gari likaendelea kuunguruma, na nzima ikazimika kwa mshtuko.

Sasa kwako mwalimu. Umetaja jambo ambalo wateja wengi hawalitaji hadi uwabane: likilala usiku mmoja linawaka, likikaa tangu Ijumaa hadi Jumatatu haliwaki. Hapo mimi betri nisingeituhumu kwanza. Ningetafuta kinachoinywa polepole gari likiwa limezimwa. Lakini hiyo ni dhana, kwa hiyo nipe namba nne.

Namba ya kwanza, volti za betri iliyojaa na kupumzika. Ijaze kwa chaja, tena taratibu: betri ya 60 ipe ampea 6 au chini yake, hata ikibidi ilale kwenye chaja usiku kucha. Usitegemee altaneta ikufufulie betri iliyokwisha kabisa. Safari fupi za kazini na kurudi haziijazi, unabaki unatembea na betri yenye njaa. Ikijaa, washa taa za mbele kama dakika mbili, zima, iache saa kadhaa, ndipo upime. Usipofanya hivyo mita itakusomea chaji ya juujuu tu. Betri ina seli sita, kila moja volti 2.1 na kidogo, kwa hiyo iliyojaa ni 12.6 hadi 12.7. Ukiona 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 robo, na 11.8 hakuna kitu. Ikikwama 10.5 hata baada ya kuchajiwa, kuna seli imekufa na hiyo betri haina dawa.

Ya pili, mwenzio apige stata wewe ukiangalia mita, ncha za mita zikigusa vichwa vya betri vyenyewe, si terminali zilizovalishwa juu yake. Volti zisishuke chini ya 9.6 katika hali ya joto la kawaida. Rudia kipimo ncha zikiwa kwenye terminali. Namba hizo mbili zikipishana kwa zaidi ya sehemu moja au mbili za kumi ya volti, umeme unapotelea kwenye uchafu kati ya kichwa na terminali.

Ya tatu unayo tayari, 14.2. Kati ya 13.8 na 14.7 sina ugomvi nayo.

Ya nne ndiyo yenyewe: ampea zinazotoka gari likiwa limelala. Hapa watu wengi wanachoma fyuzi ya mita au wanapata namba za uongo, kwa hiyo nenda nami polepole. Fungua boneti. Kama gari lako lina swichi ya boneti, sukuma kitasa chake kwa bisibisi kijifunge ili gari lidhani boneti imefungwa. Funga milango, na funguo kama ni ile ya kielektroniki ipeleke mbali, maana ikiwa karibu kompyuta hazilali. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10. Gusisha ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye terminali ya hasi, *kisha* ndipo uinue terminali itoke, ili umeme usikatike hata sekunde moja. Ukikatika, kompyuta zinaamka zote na unaanza upya. Subiri. Magari mengine yanalala baada ya dakika kumi, mengine yanakaribia saa nzima. Katika muda huo usifungue mlango, usiguse funguo, na usithubutu kupiga stata mita ikiwa hapo: stata inavuta ampea zaidi ya mia.

Zikitulia kwenye 0.05 kushuka chini, gari lako ni zima. Zaidi ya hapo tunatafuta mwizi.

Msukani

Naongezea kidogo hapo kwenye terminali. La kwangu lilikuwa linatoa tik-tik hivyo hivyo, na kwa nje terminali zilikuwa safi zinang'aa. Zilipotolewa, ndani yake kulikuwa na utando mweusi mgumu. Brashi ya waya tu na msasa, kisha grisi baada ya kufunga. Ule unga mweupe au wa kijani ukiwepo, maji yenye magadi soda yanauua, ila yasiingie ndani ya betri. Toa hasi kwanza, irudishe mwisho. Ukianza na chanya spana ikagusa bodi, utaona fataki.

Fundi Cheche

Na pete itoke kidoleni kabla ya kushika spana. Spana iliyoegama kati ya chanya na bodi inageuka nyekundu, na pete iliyo katikati yake pia.

Mama Pacha

Shikamoo fundi. Nimefanya yote, nimeandika.

Betri niliikuta na 11.8. Imelala kwenye chaja, ikapumzika: 12.65. Wakati wa stata ilishuka hadi 10.3 kwenye vichwa, 10.2 kwenye terminali. Injini ikiwaka 14.2.

Ampea: ilianza na 3 na ushee, ikashuka, ikashuka tena, ikakaa kwenye 0.62. Nimesubiri zaidi ya saa nzima, haikwenda popote.

Nimepiga hesabu. Ijumaa saa kumi na mbili jioni hadi Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi ni saa 60. Mara 0.62 ni kama ampea-saa 37. Kwenye betri ya 60 inayobaki ni 23, na hapo nimejifanya ilijaa siku ya Ijumaa, kitu ambacho kwa safari zangu fupi sikiamini. Usiku mmoja ni kama 7 tu, ndiyo maana siku za kazi siioni shida. Nimefurahi hesabu imekubali, hata kama gari halijapona.

Sasa shida. Nimetoa fyuzi moja moja nikiangalia mita. Kisanduku cha chini ya usukani chote, cha kwenye injini chote. 0.62 iko pale pale. Niliondoa relei nazo, hakuna badiliko. Umeme unapita wapi kama si kwenye fyuzi?

Kiboko ya Gereji

Redio hiyo. Redio nyingi zinavuta hata zikizimwa.

Mama Pacha

Kaka Kiboko, fyuzi ya redio imo kati ya nilizotoa. Saa yake ilizimika, mita haikujali.

Fundi Cheche

Marahaba mwalimu. Ningekuwa na wanafunzi wa gereji wanaoandika vipimo hivi ningestaafu.

Kwanza neno moja kwa watakaosoma baadaye: kwenye magari ya karibuni ni afadhali usichomoe fyuzi. Iache mahali pake, weka mita kwenye milivolti, gusa zile nukta mbili za chuma zilizo juu ya mgongo wa fyuzi. Fyuzi isiyopitisha umeme inasoma sifuri. Inayopitisha inasoma kitu, hata kama ni sehemu ya kumi ya milivolti. Unamkamata mhusika bila kuamsha kompyuta. Lakini kwako kuchomoa kumetupa jibu zuri zaidi, kwa sababu hakuna kilichobadilika.

Kuna nyaya mbili nene zinazotoka chanya bila kupita kwenye zile fyuzi ndogo. Mmoja unakwenda stata. Mwingine unakwenda kwenye skrubu ya nyuma ya altaneta, ile yenye herufi B. Huo wa altaneta mara nyingi una fyuzi yake kubwa iliyofungwa kwa boliti, ambayo mtu anayechomoa kwa vidole anairuka. Stata kuvuja ni nadra. Altaneta kuvuja si nadra hata kidogo.

Altaneta inazalisha umeme wa kwenda na kurudi. Diodi ndizo zinazoulazimisha kwenda upande mmoja, kuelekea betri. Kwa kawaida ni sita, na nyingine zina zaidi. Moja ikichoka ikaanza kuvuja, nyingine zinaendelea na kazi, mita inakuonyesha 14.2 na kila mtu anaridhika. Injini ikizimwa, umeme wa betri unapata upenyo wa kurudi ndani ya altaneta. Kwa hiyo yule fundi wako aliyesema altaneta anaweza akawa amepatia bila kujua kwa nini. Hutokea.

Vipimo vitatu, anza na rahisi:

Asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha, kabla ya kuliwasha, weka kiganja kwenye mwili wa altaneta, kisha kwenye chuma cha injini kilicho jirani. 0.62 mara 12 ni zaidi ya wati 7. Wati 7 zinazoungua usiku kucha mahali pamoja unaweza kuzihisi kwa mkono.

Cha pili, injini ikiwaka na taa zimewashwa, weka mita kwenye volti za AC, yaani umeme ule wa kwenda na kurudi, pima kwenye betri. Ikizidi 0.5, diodi zina walakini. Angalizo: mita za bei ndogo zinadanganya hapa. Ikikusomea volti 30 hivi usishtuke, geuza ncha zake. Ikisoma sifuri ukigeuza, mita haiwezi kutenganisha AC na DC, ule wa upande mmoja, tafuta nyingine.

Cha tatu ndicho hukumu. Toa hasi ya betri. Fungua nati ya B kwenye altaneta, utoe waya mnene, uviringe utepe ili usiguse chuma chochote. Rudisha hasi kupitia mita kama mwanzo, subiri gari lilale, soma. Usiwashe injini waya huo ukiwa nje.

Mama Pacha

Fundi, majibu haya hapa.

Kiganja: injini baridi kabisa, altaneta vuguvugu. Nilimwita mume wangu naye aguse nisije nikawa najidanganya. Kasema vuguvugu.

AC: mita yangu imesoma 31. Nimegeuza ncha, sifuri. Nimecheka peke yangu pale uani. Nimeazima mita ya maabara ya shule: 0.9.

Waya wa B nje: 0.03.

Sina swali tena kuhusu ugonjwa. Nina maswali mawili ya tiba. Ni lazima ninunue altaneta nzima? Na hii betri, ambayo kila wiki ilikuwa inakauka, bado ina maisha?

Msukani

0.03! Mwalimu umeniacha mdomo wazi.

Fundi Cheche

Kesi imekwisha. Altaneta nzima si lazima. Ndani yake kuna sahani ya diodi, inauzwa peke yake kwa altaneta nyingi, na fundi wa kurudisha waya na kukarabati altaneta anaibadilisha mezani kwake. Akishafungua, mwambie aangalie brashi za kaboni na beringi, maana kazi ya kuishusha ni ile ile. Kama beringi zinalia na rota imelika pale brashi zinapokanyaga, basi nzima iliyokarabatiwa inakuwa na faida zaidi. Ikirudi, pima tena mwenyewe kabla ya kulipa: 14 na kitu injini ikiwaka, AC chini ya 0.5, na ampea za usiku.

Betri: imeumia, haijafa. Betri ya risasi ikikaa bila chaji, salfeti inayotanda kwenye sahani inaganda na kuwa ngumu, na sehemu hiyo haifanyi kazi tena. Betri za kuwashia magari hazikutengenezwa kukaushwa mpaka chini. Kila ukiikausha unakata kipande cha umri wake. Lakini 12.65 baada ya kupumzika na 10.3 wakati wa stata ni namba za betri inayofaa kuendelea nayo. Ipe chaji kamili ya taratibu mara moja baada ya matengenezo. Kama ina vifuniko vya kufungua, angalia maji yafunike sahani, na kinachoongezwa ni maji yaliyokenekwa (distilled) tu, si ya bomba, wala si asidi.

Na huyo jirani anayekubusti, anafunga wapi ule waya mweusi wa mwisho?

Mama Pacha

Kwenye hasi ya betri yangu. Nyekundu kwa chanya, nyeusi kwa hasi. Si ndivyo?

Fundi Cheche

Gari litawaka, ndiyo. Ila kichwa cha mwisho kinapogusa huwa kinatoa cheche, na betri iliyochoka inayochajiwa inatoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Hutaki cheche juu ya haidrojeni, karibu na uso, kwenye chombo kilichojaa asidi.

Mpangilio ni huu: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, nyekundu ya pili kwenye chanya ya nzima, nyeusi kwenye hasi ya nzima, na nyeusi ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Magari yasigusane bodi. Liache la jirani liungurume dakika chache kabla ya kupiga stata. Kutoa ni kinyume chake, wa mwisho kufungwa anatoka kwanza. Na kama betri imevimba, imepasuka au inanuka mayai viza, usibusti, ondoka hapo.

Kiboko ya Gereji

Fundi nimesoma yote. Swali la kweli: siku hizi nakutana na magari mapya, injini inawaka, mita inasoma 12.8 tu, wakati mwingine 12.6. Mteja nimwambie altaneta imekufa?

Fundi Cheche

Usimwambie bado. Magari mengi ya karibuni, hasa yale yanayojizima kwenye foleni, yana kifaa kidogo kwenye terminali ya hasi kinachopima betri, na kompyuta inaamua lini altaneta ichaji. Betri ikiwa imejaa inaipumzisha altaneta kwa makusudi ili kuokoa mafuta, volti zinashuka hivyo hivyo unavyoona. Washa taa kubwa, feni ya juu kabisa, na kipasha joto cha kioo cha nyuma, halafu panda hadi mizunguko kama 2000. Volti zikipanda kuvuka 13.5 altaneta inaitika. Zikibaki 12.6 na kuendelea kushuka, hapo anza kukagua mkanda, kiunganishi cha altaneta na ile fyuzi kubwa.

Na kwenye hayo hayo magari, betri ni AGM au EFB, aina zilizoimarishwa kwa ajili ya magari hayo. Ukimwekea ya kawaida haidumu. Tena baadhi yake kompyuta lazima iambiwe kwa mashine kwamba betri ni mpya, la sivyo inaendelea kuichaji kama ile ya zamani. Chaja yako pia iwe na nafasi ya AGM, isivuke 14.8.

Mama Pacha

Taarifa: sahani ya diodi imebadilishwa, brashi pia. Fundi wa altaneta alinionyesha ile iliyotoka, diodi moja inapitisha pande zote mbili kwenye mita. Nimeiomba, naipeleka darasani. Vipimo vya leo: 14.3 injini ikiwaka, AC 0.04 kwa mita ya maabara, usiku 0.03. Nimeliegesha Ijumaa, Jumatatu nimepima kabla ya kuwasha: 12.58.

Mita yangu ya AC nayo inarekebishika, au nitafute nyingine?

Fundi Cheche

Hairekebishiki, ndivyo ilivyotengenezwa. Ukilazimika kuitumia, weka kapasita ndogo isiyo na chanya wala hasi, kama mikrofaradi 1 ya volti 50 kwenda juu, mfululizo na waya mwekundu. Itazuia DC na kupitisha AC. Namba haitakuwa sahihi kabisa, lakini 0.9 na 0.04 utazitofautisha.